Wati za Baba

Baba bado anajiita mchimbaji, ingawa ni muda sasa hajashuka kwenye duara. Huku kwetu shimo la dhahabu tunaliita duara, na vumbi la maduara ndilo lililomkaa mapafuni. Akitoka chumbani kwenda choo cha nje husimama njiani, anajifanya anaangalia kuku. Daktari alimwambia asirudi chini tena maisha yake yote. Baba alimshukuru vizuri, tukatoka nje, akaniambia yule daktari bado mtoto.

Kilichomuuma kuliko kikohozi ni baiskeli. Mtu aliyekuwa akitoka Runzewe hadi Ushirombo na kiroba cha mawe kwenye keria, huku anaimba, alifika mahali akashindwa kumaliza hata mtaa wetu. Kaka yangu anafanya kazi Dar kwenye ghala la baiskeli za mitumba, na siku moja kontena lilipofunguliwa akaona ndani yake baiskeli ya umeme, akaomba aichukue yeye. Ilikuja kwenye buti la basi, imeviringishwa blanketi. Ni baiskeli ya kupiga pedeli kama nyingine, ila ina mota kule chini kwenye pedeli. Mota inapima mguu wako unasukuma kiasi gani, halafu inaongezea. Usiposukuma, haiendi. Fundi wa kuchomelea pale stendi akaitengenezea bati zito la chuma, kuikinga na mawe ya njiani, na sote tukaona amefanya jambo la maana.

Kwenye usukani kulikuwa na kompyuta ya baiskeli, kidubwasha cheusi kinachoenea kiganjani. Baba aliiita saa. Saa yenyewe ilikuja inaongea Kiholanzi. Mimi ni mwalimu wa hisabati Kahama, nilikuwa nyumbani likizo, na kwetu mtu akishasoma hisabati anahesabika kuwa anajua kila kitu chenye kioo. Basi nikapewa mimi, ambaye kwenye ukoo mzima sina mpinzani kwa kukosa subira.

Nilihangaika nayo mpaka nikaichukia. Nilifanikiwa kuitoa kwenye Kiholanzi, lakini pale ambapo ilitakiwa kuonyesha chaji ya betri ilionyesha vistari vitupu. Niliiunganisha na baiskeli, ikakubali, halafu ikasahau. Ikataka kusasishwa kwa intaneti, na intaneti ya kwetu inakuja na upepo. Nilisimama uani na simu mkono mmoja na saa mkono wa pili, nikitukana watu nisiowajua wa nchi nisiyoijua, na Baba amekaa kwenye kigoda ananitazama.

"Mayu, usipigane nayo," aliniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo. "Hiyo kitu imetoka mbali. Iache ipumzike."

Mwishowe ikasoma. Nikampangia mistari mitatu kwenye kioo: juu betri, katikati nguvu ya mota, chini nguvu ya miguu yake mwenyewe. Nguvu hiyo inahesabiwa kwa wati. Nikamweleza kwamba ule wa chini ndio yeye. Akauliza mtu mzima mwenye afya anasoma ngapi, nikamwambia mwendesha baiskeli wa kawaida tu, asiye na haraka, anaweza kucheza kwenye mia hivi.

Akapanda, akazunguka mpaka kanisani akarudi. Mia na thelathini.

Sijui nikueleze vipi uso wake. Tangu Mama afariki sikuwa nimeuona ule uso. Alishuka akikohoa, akafuta midomo, akanionyesha kioo kwa kidole kana kwamba sikuwa nimeona. Kesho yake akatoka tena, ikasoma zaidi. Akaanza kuwahesabia majirani wati zake barabarani, hata wale waliokuja kuomba chumvi tu. Mtu akimsalimia, "Shikamoo mzee, afya?" anajibu marahaba, halafu anataja namba. Mimi nami nilifurahi. Nilimpigia kaka simu nikamwambia mashine yako inamponya mzee, na nadhani kaka alikuwa analia.

Halafu siku moja mchana, tunakula ugali na mlenda, akaniambia amezungumza na wenzake wa duara la zamani. Mvua zikikata wanashuka, naye atashuka nao. Nikamuuliza na daktari je. Akageuza kichwa kuelekea baiskeli.

"Daktari aliweka sikio mgongoni. Hii inapima mguu."

Chakula kilinishinda. Pumzi zake zilikuwa zilezile. Bado alisimama kwa kuku. Lakini namba nilimpa mimi, kwa mkono wangu, na mtu wa hisabati atampingaje mtu mwenye namba?

Ndipo nikaanza kuiangalia saa kwa jicho baya. Jioni ileile niliiwasha baiskeli ikiwa imeegeshwa ukutani, hakuna aliyeigusa. Betri ilisoma vizuri. Mota sifuri. Mstari wa chini ukasoma sabini. Ukuta wetu, kumbe, nao ulikuwa na nguvu za kuendesha baiskeli. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaiondoa kwenye baiskeli na kuiunganisha upya. Nikatafuta ile sehemu ya kuirudisha kwenye sifuri, nikaambiwa imefaulu, na dakika hiyohiyo ikarudi juu. Nilikaa chini pale kwenye mchanga nikalia kwa hasira, mwanamke mzima. Nilitaka iwe mbovu ili asishuke shimoni, na nilitaka iwe sahihi ili awe amepona. Yote mawili yasingewezekana, na nilikuwa nimeshajua lipi litatokea.

Jibu nililikuta mwaloni. Mwalo ni pale wanapooshea dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, unabaki unga mweusi, na ukikauka unamwagwa juu ya karatasi, mtu anaupitishia sumaku. Chuma kinarukia sumaku, dhahabu inabaki. Mkono mzito unaondoka na vyote. Baba ana mkono mwepesi, na hata baada ya kuugua wenzake waliendelea kumwita awasafishie. Sumaku yake aliing'oa kwenye spika kubwa ya muziki, pana kama kisosi, na mchimbaji haazimi sumaku ya mtu.

Siku hiyo alitangulia kwa baiskeli, mimi nikafuata kwa bodaboda. Nilimkuta anashuka. Saa ilikuwa inawaka, ikisoma sabini kama kule ukutani. Baba akainama, akapeleka mkono chini ya mota, akavuta kwa nguvu kutoka kwenye lile bati la fundi, ikatoka sumaku. Kwenye kioo mstari wa chini ukaanguka mpaka sifuri.

Nilisimama pale na jua linanichoma utosini.

Mfukoni haikai, kila mchimbaji anajua, inaua simu. Bati lile lilikuwa zuri, linashika bila kamba, na yeye aliibandika hapo tangu siku ya kwanza, haitoi mpaka afike mwaloni. Na kile kidude cha ndani ya mota kinachopima mguu hupima kwa usumaku. Kilikuwa kinaisikia sumaku ya dhahabu na kudhani ni mguu wa Baba. Hata mota ilidanganyika, na pedeli zikianza tu kuzunguka ikawa inamsukuma kama mtu anayejituma sana. Sumaku hiyo ndiyo iliyompeleka kanisani na kumrudisha.

Alisafisha unga wa watu, taratibu, bila kutetemeka, huku wenzake wanamweleza mambo ya kamba na magogo ya kuzuia kuta za duara lao jipya. Alikuwa anaitikia. Ningeweza kunyamaza, akafurahi mpaka mvua zikate. Halafu angeshuka.

Alipomaliza nikamwita pembeni kwenye baiskeli.

"Baba, iweke hiyo sumaku hapo inapokaa."

Akaiweka. Ikasoma sabini.

"Itoe."

Akaitoa. Sifuri. Sikumwambia arudie, alirudia mwenyewe. Akaweka, akatoa. Akaweka. Akatoa. Mtu aliyetenganisha chuma na dhahabu maisha yake yote hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo ni hii," alisema.

"Ni hiyo, Baba."

Akanipa sumaku, nikaitia kwenye mkoba wangu. Nilimwambia tuiache baiskeli, tupande wote bodaboda, akakataa kwa kichwa. Alitaka aone.

Nilimfuata kwa nyuma, nikimwomba dereva aende polepole. Mota sasa ilikuwa inamwongezea kulingana na mguu wake hasa, na mguu wake haukuwa na cha kuongezewa. Kwenye tambarare alikwenda. Palipoanza kupanda kidogo, mahali ambapo mtoto wa shule hapaoni kama ni mlima, baiskeli ikayumba. Akashuka. Akasimama ameshika usukani, mabega yanapanda na kushuka, na hapakuwa na kuku wa kuangalia. Watu wa sokoni wakampita. Mmoja akamwita kwa utani, akimuuliza wati ngapi leo mzee, naye akainua mkono. Nilishuka nikaisukuma baiskeli mimi, yeye akitembea pembeni ameshika kiti. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia, nikamkasirikia na kaka, na fundi wa bati, na yule Mholanzi aliyechoka na baiskeli yake akaitupa kwenye kontena.

Nyumbani aliomba maji. Alipomaliza kunywa, akapiga simu mbele yangu, akawaambia wenzake wasimhesabu. Walimuuliza sababu. "Nimepima," aliwajibu, akakata.

Nilipaswa kushukuru. Hatashuka, ndicho nilichokitaka. Nilikaa kwenye kizingiti nikahisi nimemzika.

Baadaye akaniita alipokuwa amesimama na baiskeli. Alikuwa ameiwasha, amevaa miwani yake ya kusomea.

"Sasa inasoma sawa?"

"Inasoma sawa, Baba."

"Leo pale kwenye kilima niliona kumi na nane."

Nikafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole.

"Betri iache, nijue kama nitarudi," alisema. "Ya mota nayo iache. Yangu itoe, mayu."

Nikamwambia si lazima, anaweza tu asiiangalie. Akasema yeye ana macho.

Nikaingia kwenye mipangilio, njia niliyokuwa nimeshaikariri, nikauchagua mstari wa chini. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza. Mstari wake ukaondoka, na namba za mota zikakua zikajaza nafasi yake.