Harufu Aliyosingiziwa Anabela

Nikitaka kueleza Anabela ni nani, sina budi kuanza na harufu, kwa sababu kwa miezi kumi na moja watu wa ofisi yetu walisema harufu ile ni yake.

Ofisi yetu ni ya wakala wa forodha, mwendo wa dakika tano kutoka geti la Bandari ya Mtwara. Mume wangu, Erasto Kapinga, ndiye aliyeianzisha, na jina letu limeandikwa juu ya mlango kwa rangi ya buluu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari miaka thelathini na moja. Sikuwahi kufanya kazi humo, lakini jina lile juu ya mlango nililiona kuwa jukumu langu. Niliwalea wanangu wajue kwamba Kapinga hagombani barabarani, hasemi uongo, na haendi kanisani na shati lisilopigwa pasi.

Erasto alianguka mezani kwake Ijumaa moja ya Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, akafariki kabla hajafika hospitali. Kwetu, vitu vya marehemu havihamishwi mpaka misa ya mwaka isomwe. Kwa hiyo siku ya pili baada ya mazishi nilikwenda ofisini, nikafunga dirisha la chumba chake, nikazima swichi ya umeme wa chumba hicho iliyoko kwenye korido, nikafunga mlango na kuutia ufunguo kwenye pochi pamoja na rozari yangu. Shemeji yangu Frank, mdogo wake Erasto, alikuwa amesimama kando yangu.

"Umefanya vizuri, shemeji," alisema. "Asiingie mtu mpaka tusali."

Mwanangu Kelvin akahamia chumba cha mbele, akashika uongozi.

Anabela alikuwa msafishaji wa ofisi hiyo kwa miaka tisa. Amezaliwa Msimbati, kijiji cha wavuvi pwani. Babu yake alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na baba yake, mzee Alfredo, alilima mihogo na kukausha samaki. Shule yake iliishia darasa la saba. Lakini mama yake, Graca, alimpa elimu ambayo wengi wetu wenye vyeti hatuna. Nyumba yao ya udongo iliachwa uwazi wa shubiri moja kati ya ukuta na paa ili upepo wa bahari upite juu ya waliolala. Mikeka ilitolewa juani kila asubuhi, awe amelala mtu asiwe amelala. Shimo la taka lilichimbwa upande ule ambao upepo hautoki kuja nyumbani. Alipokuja mjini na binti yake Marlene, akapanga chumba mtaa wa Chikongola, alikuja na mambo hayo yote kichwani.

Enzi za Erasto, madirisha ya ofisi yalikuwa wazi mchana kutwa, na kwenye kila dirisha Anabela alikuwa na kopo la maziwa lenye mrehani au mchaichai. Erasto alikuwa akikata mchaichai huo kwa mkasi wa karatasi na kuutia kwenye chai yake.

Kelvin aliyaondoa makopo. Alisema anataka ofisi ya kisasa, yenye kijani kibichi na hewa safi, kama zile alizoziona Dar es Salaam. Kwa hiyo aliziba madirisha kwa silikoni ili baridi ya kiyoyozi isitoke, akatandika sakafuni zulia la plastiki lililotengenezwa kama majani, na akaning'iniza ukutani maua ya plastiki. Nilikuja kuyagusa baadaye yale maua. Vidole vyangu vilinata. Yalikuwa na vumbi lenye mafuta, kama ukuta wa jiko la mgahawa mchafu, na juu ya jani moja kulikuwa na nzi aliyekauka. Hiyo ndiyo ilikuwa bustani ya mwanangu.

Wiki ya pili baada ya mimi kufunga chumba, harufu ilianza. Witness, karani wa mapokezi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Dada Anabela, leo umekuja na pweza kwenye mkoba?"

"Sijaja na pweza. Nimekuja na ming'oko, mizizi tu, tena ya kuchemsha."

"Basi mwambie huyo ming'oko akaoge."

Waliokuwepo walicheka. Kesho yake Witness alinunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya waridi, akawa anaipuliza kila Anabela anapopita, mbele ya wateja. Fikiria waridi la kopo lililochanganyika na uvundo wa samaki. Ni sawa na mtu asiyeoga wiki nzima kisha akajimwagia manukato. Dawa ile ilimwingia Anabela kifuani, akaanza kukohoa, na kukohoa kwake kukawa ushahidi mwingine kwamba ni mchafu. Frank, aliyekuwa akija kila Jumatatu kukaa na kunywa soda, alikuwa na maneno yake:

"Mtu wa Msimbati utamtoaje samaki mwilini? Hata umsugue na jiwe."

Mara tatu Anabela alimwendea Kelvin. Alimwambia harufu inatoka chumba cha mzee. Kelvin alimjibu kwamba baba yake hakuwahi kunuka akiwa hai na hataanza kunuka sasa. Akamwongezea chupa mbili za jiki na kumwambia apige deki mara nne kwa siku. Anabela alipiga deki mara nne kwa siku. Kuanzia Desemba mvua zilinyesha, paa likavuja mahali fulani ambapo hakuna aliyepaona, na ukungu mweusi ukapanda kwenye ukuta wa mbao unaotenga chumba cha Erasto na korido. Anabela aliusugua ukarudi, akausugua tena ukarudi.

Mwezi Oktoba, mteja mmoja kutoka Dar aliingia, akatoa leso, akaishikilia puani, akazungumza na Kelvin kwa dakika tatu akiwa amesimama, akaondoka. Jioni hiyo Frank na Kelvin walikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Shangani. Walitaka kumfukuza Anabela. Waliniuliza kwa sababu Erasto ndiye aliyemwajiri.

"Anachafua jina," alisema Frank.

Alijua neno la kunigusa. Nilisema nitakwenda kumwondoa mimi mwenyewe, ili ifanyike kwa heshima.

Nilipofungua mlango wa ofisi asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu nifunge kile chumba, harufu ilinipokea mlangoni. Sijui niieleze vipi harufu ile kwa mtu ambaye hakuwepo. Haikuwa ya kupita. Ilikaa ulimini, tamu na chungu kwa pamoja, na juu yake lile waridi. Watu wanne walikuwa humo wanaandika nyaraka na kunywa chai, kana kwamba binadamu ameumbwa kuishi hivyo. Niliwaonea kinyaa.

"Shikamoo mama," alisema Anabela. Alikuwa ameshika fagio.

"Marahaba. Anabela, nimekuja tuzungumze."

"Najua ulichokuja kusema. Lakini kabla hujasema, mama, ninuse."

"Nini?"

"Ninuse." Aliweka fagio chini, akasogea, akanyoosha ncha ya kanga yake mbele ya uso wangu. "Wamenipulizia dawa ya chooni miezi kumi na moja. Binti yangu anasikia mtaani kwamba mama yake ananuka. Ukinifukuza leo, nitaondoka na jina hilo mpaka kaburini, na kila nitakakoomba kazi litakuwa limetangulia. Wewe ni mwalimu. Hakikisha kwanza."

Witness alicheka kidogo, kisha akanyamaza alipoona sicheki. Niliinama, nikanusa. Sabuni ya mche. Moshi kidogo wa kuni. Basi.

"Haya," alisema Anabela. "Sasa njoo unuse pale."

Alinipeleka mpaka kwenye mlango wa chumba cha mume wangu. Chini yake kulikuwa na doa jeusi linalong'aa, pana kama sinia, limetambaa kutoka ndani. Sikuhitaji kuinama.

Frank alikuwa amenifuata nyuma. "Shemeji, umebaki mwezi mmoja tu. Misa bado. Watu watasemaje?"

Nilitoa rozari, nikatoa ufunguo.

Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, ikabidi Kelvin aupige bega. Kilichotoka mle kilimfanya Witness akimbilie nje akatapike ukutani, na Kelvin akarudi nyuma akiwa amefumba macho. Zulia la Erasto, lile jekundu alilolipenda, lilikuwa limeota manyoya ya kijivu. Ukilikanyaga linatoa maji. Mifuko ya sampuli za korosho ilikuwa imepasuka, korosho zimeoza na kushikana mabonge, mavi ya panya kila mahali, hata juu ya kalenda ya parokia. Panya mmoja alikuwa amelala amekufa ndani ya trei ya barua. Na kwenye kona, friji ndogo ya Erasto, mlango wake umefunguka kidogo, na chini yake limeganda lile jeusi lililotambaa mpaka koridoni.

Anabela alijifunga kanga puani, akaenda, akaifungua friji yote.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ile Ijumaa, saa sita mchana, Erasto alinipigia simu. Alisema, "Mama Kelvin, nimepata kolekole mzuri sana soko la feri, na pweza. Nimewaweka kwenye friji. Jumapili watoto wakija tutakula wote." Saa nane alikuwa amefariki. Siku ya pili baada ya mazishi nilikuja mimi, mke wake, nikazima umeme kwa mkono wangu, nikafunga kila kitu, nikaita heshima.

Samaki wangu ndio waliokuwa wakinuka. Mboga ya Jumapili ya nyumba ya Kapinga, na tulimvisha aibu yake mwanamke aliyekuwa akitusafishia vikombe.

Niliketi kwenye kiti cha korido. Anabela tu ndiye aliyekuwa akifanya kazi. Aliagiza barakoa, glovu, majembe na chokaa, na kwa mara ya kwanza wote walimtii.

Frank alishauri zulia lipakiwe kwenye pikapu likatupwe kwenye mikoko, maji yakijaa yatalichukua.

"Yatalichukua yalipeleke wapi, baba?" Anabela alimuuliza. "Wanawake wanaokota chaza mle. Unataka tuwapelekee uchafu wenu wakapikie watoto?"

"Sasa unanifundisha?"

"Ndiyo," nilisema mimi. "Anakufundisha. Sikiliza."

Lilikwenda dampo, na friji pia. Kilichobaki cha samaki na zile korosho Anabela alikizika kwenye shimo refu nyuma ya ofisi, akatia chokaa na majivu, na pembeni ya shimo akapanda mche wa mdimu. Alikwangua silikoni kwenye madirisha yote kwa kisu, akatia wavu wa mbu. Fundi alitoboa matundu juu ya ukuta, karibu na dari, kwa kipimo alichoonyeshwa na Anabela kwa kiganja chake: shubiri moja, kama nyumba ya Graca. Sakafu ilibaki saruji tupu, ya kupigwa deki na kukauka. Upande wa magharibi, jua linapochoma, alipanda miche miwili ya mwarobaini. Majani ya plastiki niliyang'oa mimi mwenyewe, na nilifurahi kuyang'oa. Makopo ya mrehani na mchaichai yakarudi madirishani. Wiki ya tatu Anabela aliacha kukohoa.

Kelvin alimwomba radhi koridoni, kwa sauti ya chini. Nilimwambia hiyo haitoshi. Anabela hakutukanwa koridoni.

Misa ya mwaka ilisomwa Novemba. Baada ya misa ndugu walikuja ofisini kuona chumba cha marehemu, wengine wametoka Mbinga safari ya siku nzima. Walipoona chumba cheupe kisicho na zulia, mnong'ono ulianza. Nilimsikia Frank, chupa ya soda mkononi, akiwaeleza wazee wawili kwamba msafishaji alizembea, uchafu ukaingia mpaka chumba cha marehemu, ndiyo maana familia ikalazimika kufungua mapema.

Damu ilinipanda. Nilipiga makofi kama ninavyofanya darasani.

"Ndugu zangu, sikilizeni. Chumba hiki kilinuka mwaka mzima. Kilinuka kwa sababu mimi nilizima umeme na kufungia humu samaki wa mume wangu. Wakaoza. Sisi tukasema anayenuka ni Anabela, huyu hapa. Tulimpulizia dawa kama mende. Yeye peke yake ndiye aliyetuambia ukweli, na yeye ndiye aliyesafisha. Anayetaka kusimulia habari za chumba hiki, asimulie hivyo."

"Shemeji!" Frank alisema kwa hasira. "Mbele ya wageni?"

"Ndiyo. Alisingiziwa mbele ya wageni."

Witness aliinamisha macho. Mmoja wa wale wazee wa Mbinga alimsogelea Anabela, akamshika mkono, akamwambia pole, mama, na asante. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kama watu wanavyompa pole mfiwa. Anabela alisimama wima akipokea mikono yao yote, kitambaa cha vumbi kikiwa bado begani. Marlene, binti yake, alikuwa mlangoni na aliyasikia yote.

Mkono wa mwisho ulipotoka, Anabela alinijia.

"Mama, wamesikia. Inatosha," alisema. Kisha akageuza kichwa dirishani, na sura yake ikakunjamana. "Sasa mwambie baba Frank aache kumwaga soda yake kwenye mrehani wangu. Sisimizi watakuja."

Nilimwambia. Frank aliondoa chupa.