Sumu Ambayo Masele Hakuimwaga

Selestina Ooko alipasua samaki miaka kumi na saba kabla hajafuga hata mmoja. Alizaliwa Shirati, ndoa ikamleta Mwanza, na mumewe alipofariki akaajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Sangara walipopungua ziwani, kiwanda kikapunguza watu, naye akarudishwa nyumbani na kisu chake na makovu matatu kwenye kidole gumba.

Hakukaa sana. Yeye na wanawake wenzake wa Nyakabusi, mwalo mdogo wa kushushia samaki upande wa Ilemela, waliunda kikundi wakapata vizimba vinne vya kufugia sato, kimoja kikiwa cha vifaranga: nyavu kubwa zilizoning'inia majini kwenye fremu za mabomba na mapipa. Msimamizi akawa Selestina. Mama Favour, walisema wakimwita kwa jina la mwanawe, anamjua samaki ndani na nje.

Vizimba waliviweka ndani kabisa ya ghuba, karibu na ufukwe, ili wezi wasivisogelee. Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. Kijito kilichotoka mitaa ya juu, kikipita nyuma ya vyoo na mabanda ya nguruwe, kilimwagikia humo humo. Pembeni yake palikuwa na bustani ya nyanya ya mzee Masele, Msukuma wa makamo ya kuwa kaka mkubwa wa Selestina. Hawakupatana. Uzio wa kikundi ulikuwa umeziba njia aliyokuwa akipitishia mpira wa mashine yake ya kumwagilia, na kila alipouona uzio ule alisema lake.

Mwezi wa tatu mwaka huo mvua zilipiga siku nne, kisha likaja joto bila upepo. Maji yakaanza kugeuka. Kwanza yalikuwa na ukungu wa kijani, baada ya wiki yakawa mazito kama rangi ya mlango, na ukitumbukiza mkono unatoka na utando. Selestina hakuogopa. Kwenye semina waliambiwa maji ya kijani yana chakula. Isitoshe Pasaka ilikuwa inakaribia na sato walitakiwa wafikishe uzito, kwa hiyo akaongeza pumba na pelete, vile vidonge vya chakula cha samaki. Samaki walikula kwa uvivu. Kilichobaki kikazama.

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili, alipiga kasia kwenda kulisha, akakuta vizimba vitatu vyeupe kwa matumbo ya samaki. Walikuwa wamekufa midomo wazi. Wachache waliobaki walikuwa juu kabisa, wanagugumia hewa. Alikaa kwenye mtumbwi na ndoo ya chakula mapajani, hakujua amwite nani.

Leonsia, katibu wa kikundi, ndiye aliyetoa neno la kwanza ufukweni. "Jana jioni nilimwona Masele anaosha bomba lake la dawa ya nyanya pale pale. Kwa macho yangu."

"Una uhakika?"

"Mama Favour, mimi ni kipofu?"

Selestina alitaka sana kuwe na mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo alikuwa karibu. Alikwenda mwenyewe kutoa maelezo polisi. Masele alichukuliwa shambani, miguu ikiwa na tope, mkewe akifuata nyuma na viatu vyake mkononi.

Mchana akafika afisa uvuvi, binti wa Kihaya aitwaye Prudencia, amebeba kifaa chenye waya mrefu.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Wametutilia sumu."

Prudencia hakubisha. Aliomba mtumbwi, akashusha waya majini. "Kizimba cha vifaranga kikoje?"

"Kile? Hakijaguswa. Hata mmoja hajafa."

"Sumu ingeanza na wale wadogo, mama. Hewa ikipungua majini, wakubwa ndio wanatangulia, kwa sababu wanahitaji nyingi." Akamwonyesha namba: juu hewa ilikuwa tele, karibu na tope hakuna kitu. "Nisubiri kesho alfajiri, tupime tena."

Kesho yake walipima kabla jua halijachomoza. Sasa hata juu namba ilikuwa moja na kidogo. Sato, alieleza Prudencia, chini ya tatu anaanza kuhangaika. Ule ukijani ulikuwa mimea midogo isiyoonekana moja moja. Mchana, kwenye jua, inatoa hewa, usiku inaivuta. Ikifa inazama na kuoza, na kuoza nako kunakula hewa.

"Na inatoka wapi?"

"Inalishwa. Maji ya vyoo, mabanda ya nguruwe, mbolea za bustani, vyote vinashuka na kijito. Na chakula kinachobaki kwenye vizimba, mama."

Selestina aliikumbuka ile midomo wazi. Kiwandani alishika maelfu ya samaki, na samaki aliyekufa kwa kukosa hewa alimjua. Jana hakutaka kumjua.

Walikwenda wote wawili polisi, Masele akatoka siku hiyo hiyo, akiwa amelala ndani usiku mmoja. Jioni Selestina alimfuata bustanini.

"Shikamoo mzee Masele."

Masele aliendelea kufunga nyanya kwenye miti.

"Nimekukosea. Nilisema kitu nisichokiona. Nisamehe."

"Umeniaibisha mbele ya wajukuu," alisema mwishowe. "Sasa niambie. Mbolea yangu ya chumvichumvi, nayo imo kwenye hayo maji?"

Angeweza kusema hapana ili yaishe. "Imo. Na chakula changu kimo. Changu kilikuwa karibu zaidi."

Masele alimtazama, akarudi kwenye nyanya zake. Lakini kabla ya masika kwisha aliacha ukanda wa matete kati ya bustani na ziwa, asilime mpaka majini. Hakumweleza mtu sababu.

Kikundi kilivivuta vizimba hadi nje ya ghuba, kwenye kina na mawimbi, wakawa wanalala zamu kulinda. Selestina alipunguza chakula, na kila Jumatatu alfajiri alipima hewa kwa kifaa cha Prudencia. Alisimama mara tatu kwenye mkutano wa mtaa kuzungumzia kijito. Mara mbili walimpigia makofi. Mabanda ya nguruwe hayakuhama.

Desemba walivuna. Selestina alichagua sato wawili wakubwa akawapeleka nyumbani kwa Masele. Mkewe alifungua mlango nusu, akawapokea, akawageuza kuwaangalia.

"Hawa hawajafa kwa sumu?" aliuliza.

"Hapana mama. Nimewavua leo."

Yule mama alifunga mlango bila kumkaribisha. Selestina alisimama kidogo uani, kisha akashuka ziwani, ambako wenzake walikuwa bado wanavuta nyavu.