Kopo la Rangi Mbili

Shule niliacha darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asitafute maneno makubwa hapa. Nyumba yangu ya mawe huku mlimani Sagalla niliijenga kwa mikono hii, baada ya miaka mingi ya kuchimba vito upande wa Kasigau, na sikumpigia mtu magoti.

Udaktari wangu niliupata huko machimboni. Jiwe likikukata, unafungua ile dawa ya rangi mbili, nyekundu na manjano, unamwaga unga wake kwenye kidonda, unafunga kitambaa na kurudi shimoni. Tumbo likisokota, unameza mbili. Ukipata nafuu, zilizobaki unaweka. Nilikuwa na kopo la majani ya chai lililojaa dawa hizo, na nilipoacha vito nikaja nalo nyumbani, nikaliweka juu ya kabati. Nimetibu mbuzi, watoto na majirani. Walikuwa wakiniita daktari wa kopo, na mimi, kusema kweli, nililipenda sana jina hilo.

Aliyezimeza zaidi ni mke wangu. Tumbo lake lilisumbua, na kwetu mtungi mmoja wa maji ni wa kupikia, kuogea na kunawa. Kila akiendesha nilimpa mbili.

"Wewe mzee, utaniua na peremende zako," alikuwa akisema, huku anameza. Tulicheka.

Mwaka juzi aliteleza akitoka kuteka maji, akavunjika nyonga. Jirani akatushusha hospitali ya Voi kwa gari lake. Akapasuliwa, akatiwa chuma, akawekewa mpira wa mkojo. Siku ya nne akaanza kutetemeka, jua likiwa kali dirishani.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu. "Babu, nyumbani huwa anatumia dawa gani za kuua viini? Majibu ya maabara yatachukua siku tatu. Nataka kujua nianze na ipi."

Nilitazama vile viatu vyake vya raba. Nikajiambia, haka katoto kanataka kunipima mimi.

"Hakuna," nikasema. "Sisi watu wa mlimani hatuli madawa."

Akamgeukia mke wangu. "Ni kweli, nyanya?"

Mke wangu hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. "Ni vile mzee amesema."

Nilimshukuru kwa macho. Mungu anisamehe, nilimshukuru.

Wakamwanzishia sindano ya kawaida. Siku mbili zikapita, mwili bado unawaka. Siku ya tatu daktari akaja na karatasi. Majina ya dawa yalikuwa yamepangwa kwenda chini, na mbele ya karibu kila moja kulikuwa na R. Herufi nazijua.

"Hii ni nini?"

"Ni kwamba mdudu ameikataa hiyo dawa, babu."

"Mdudu gani huyo?"

"Wa matumbo. Kila mtu anaye, hata mimi. Akikaa tumboni hana neno. Lakini dawa zikiua wenzake mara kwa mara, anabaki yeye, ameshazizoea. Siku mwenye mwili amedhoofika, apate na njia kama ule mpira, anaingia kwenye damu." Akakunja karatasi. "Pengine amempata hapa hapa wodini, hatuwezi kujua. Ila kwa mtu aliyezoea dawa nyumbani nisingeanza na ile. Ndiyo maana nilikuuliza. Una uhakika, babu?"

Nilikuwa na nafasi ya pili, mchana kweupe, mke wangu akihema hatua mbili kutoka nilipo.

"Nina uhakika," nikasema.

Dawa iliyobaki, ile isiyo na R, iliagizwa Mombasa. Ilipofika alikuwa haongei sana. Asubuhi moja alinishika mkono, akaniambia, "Ukifika nyumbani, lile kopo lishushe." Nikamwambia apumzike. Alichomwa sindano mbili za ile dawa mpya. Akafa siku hiyo, wagonjwa wengine wakinywa chai.

Kopo sikulishusha. Upepo ukipiga mabati lilikuwa linagonga ukuta, na mimi nakaa tu, naangalia juu. Tulikula chungu kimoja maisha yetu yote, na kila alichomeza yeye nilimeza mimi. Basi alicho nacho yeye ninacho. Tumbo likinguruma naacha jembe, nasimama shambani, nasikiliza, kama tunavyosikiliza ndovu vichakani: humwoni, lakini unajua yupo, na unajua anakungoja uchoke.

Majirani walikuja kuomba dawa. Niliwaambia zimeisha. Huo nao ulikuwa uongo.

Mwezi uliopita mkojo ulinifunga. Wakasema nipasuliwe, halafu niwekewe mpira. Kwenye chumba cha daktari, hospitali ile ile ya Voi, nikamkuta yule yule msichana, amenenepa kidogo, kalamu mkononi.

"Babu, nyumbani unatumia dawa gani?"

Nikatoa kopo kwenye mfuko, nikaliweka mezani. Lilitoa ile sauti yake.

"Hizi," nikasema. "Na mke wangu alikuwa anazimeza hizi hizi, miaka na miaka."

Alinitazama mpaka nikaona amenikumbuka. "Babu, mimi nilikuuliza. Mara mbili."

"Nilidanganya. Andika."

Alifungua kifuniko, akachungulia, akakirudisha. Sikuona hasira. Ingekuwa afadhali. Akavuta kiti karibu, akageuza karatasi upande usio na maandishi.

"Tuanzie wapi?"

"Machimboni," nikamwambia.