Mwalimu Aliyekataa Kuimba Mbele ya Jopo

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, kwenye kisima nje kidogo ya mji wa Wajir. Mahat Dagane amevua shati, amelitundika kichakani, na sasa anavuta kamba. Ndoo ya ngozi inapanda, inamiminwa kwenye hori, inashuka tena. Ngamia kumi na wanane wamenyoosha shingo. Kando yake baba yake mdogo, mzee Hirsi, anaimba, naye Mahat anaitikia bila kukosea hata neno.

Siku tano za wiki Mahat, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, hufundisha shule ya msingi, darasa la watoto sitini na wawili. Jumamosi ni ya kisima.

"Mwalimu anaacha chaki, anashika kamba," anamtania Salad, mchungaji anayengoja zamu yake. "Hii mkono yake itakataa kuandika."

Salad hajui alivyogusa kidonda. Kwa miaka kumi na mmoja Mahat amekusanya nyimbo za kunyweshea ngamia. Alikuwa na daftari kumi na nne. Tatu zimeliwa na mchwa. Nyumbani ana vyumba viwili, watoto sita na kandili moja ambayo kila mtu anaihitaji. Kitabu anachokiota hakijavuka ukurasa wa ishirini.

Ndiyo maana roho yake iko Nairobi. Chuo kikuu kimoja huko hutoa ufadhili kwa watafiti wa lugha, historia na fasihi: miezi tisa ya kuishi chuoni, chumba, posho na kadi ya maktaba. Kazi ni moja tu, kuandika. Nafasi moja kila mwaka huachiwa mtu asiye mhadhiri.

Machi mwaka jana, 1995, Mahat aliitwa kwenye usaili. Alisafiri siku mbili juu ya lori la mbuzi, akashuka Garissa kukaguliwa kitambulisho, akapanda tena. Alipofika chuoni, karani alimwonyesha chumba. Kilikuwa na meza iliyotazama dirisha, taa yake peke yake, na mlango wenye ufunguo.

"Nilikaa kwenye kile kiti dakika mbili," anasema. "Moyoni nilikuwa nimeshahamia."

Mbele ya jopo alijibu kila swali. Mwisho mhadhiri mmoja, kwa upole kabisa, akamwomba awaimbie ubeti mmoja tu. Mahat akakataa.

Kwa mzee Hirsi, wimbo wa kisimani ni ahadi. Ngamia akiusikia anajua maji yapo. Kuuimba mahali pakavu ni kumdanganya mnyama, na Mahat alifunzwa hilo akiwa na miaka tisa, kwa kofi moja ambalo bado analikumbuka.

"Mimi si mjinga, nilijua hakuna ngamia pale," anasema, na anacheka kidogo. "Lakini mdomo ulikataa. Nikawaambia, samahani, hapa hakuna maji. Wakatazamana."

Baada ya wiki saba barua ikaja: jopo halikuweza kuthibitisha kwamba mwombaji anazijua nyimbo anazotaka kuziandika. Mahat hamlaumu hata mmoja wao. Angekuwa upande wa pili wa meza, anasema, naye angetia shaka.

Anachoshindwa ni kusahau. Akisahihisha madaftari ya wanafunzi magotini, anaiona ile meza. Watoto wakigombania kandili, anausikia ule ufunguo ukizunguka.

"Nakikumbuka kile chumba kama mtu aliye ugenini anavyokumbuka kwao," anasema. "Dakika mbili tu, wallahi. Kwa nini kinaniuma hivi?"

Sasa ameitwa tena, tarehe kumi na nne Novemba. Kanuni zinaruhusu kuomba mara mbili tu, kwa hiyo akikosa safari hii, basi. Na mzee Hirsi kifua kinambana. Asubuhi hii amepumzika mara mbili kabla ya ngamia kumaliza kunywa, na wimbo mmoja ameuanza akaishia njiani. Mahat aliumalizia, huku macho yake yakimtazama mzee badala ya kamba. Anaogopa, na hafichi.

Juma lililopita alijikaza akamwomba mzee ruhusa ya kuimba Nairobi. Mzee aliendelea kunywesha mpaka ngamia wa mwisho aliposhiba. Kisha akauliza kama huko Nairobi kuna watu wenye kiu.

"Wapo, adeer," Mahat alimjibu, kwa jina wanaloitana na baba mdogo.

"Basi beba maji ya hapa," mzee alisema kwa Kisomali. "Mpe mtu anywe, ndipo uimbe. Hapo hutakuwa umemdanganya yeyote."

Kwa hiyo dumu la lita tano limeshasuguliwa kwa majivu, liko mlangoni kwake karibu na daftari kumi na moja zilizofungwa kwa kitambaa. Atalijaza siku ya safari.

Lakini maji ya kisima hiki yana chumvi, na mgeni hupata taabu kuyameza. Je, wale waheshimiwa wa jopo wakikataa kunywa?

Mahat anaishusha ndoo polepole mpaka inapogusa maji.

"Nitakunywa mimi," anasema. "Kwenye chumba chote cha usaili, hakuna atakayenishinda kiu."