Mbuzi Anayebweka wa Kibirichia

Mimi ni mpiga picha wa watu. Nina studio Makutano, juu ya duka la dawa za mifugo, na riziki yangu ni harusi, paspoti na watoto wanaobatizwa. Nikimwambia mtu ainue kidevu, anainua. Nikimwambia bwana harusi amshike mke wake kiunoni na asijifanye ameshika jembe, anajaribu. Nimezoea kutiiwa, na ndiyo maana yule mnyama alinitoa jasho.

Habari zenyewe zilianzia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nyanya yangu, ambaye amekuwa akiishi peke yake Kibirichia tangu babu afariki, alimwambia baba mdogo kwa simu kwamba kuna mbuzi mwekundu anayekuja asubuhi kwenye minji yake, zile njegere za kando ya ua, ana madoa meupe ubavuni, na anabweka. Baba mdogo ni mtu wa ofisi huko Embu, na ujumbe wake wowote, hata wa kukutakia Krismasi njema, husomeka kama barua ya kumwachisha mtu kazi. Alituandikia: "Mama ameanza kuona vitu."

Mwanzoni tulicheka. Binamu mmoja alituma picha ya mbuzi aliyevishwa mkanda wa mbwa. Kisha baba mdogo akaandika tena kwamba si jambo la kucheka, kwamba mtu asiyeweza kutofautisha mbuzi na mbwa hawezi kuachwa peke yake na jiko la kuni, na kwamba Jumamosi angekuja kumchukua akaishi kwake Embu. Nyumba ya baba mdogo ina vigae mpaka nje getini. Udongo wote wa kiwanja kile unatosha kwenye ndoo moja, na ndoo hiyo ina ua la plastiki.

Hapo kicheko kiliniisha. Nyanya bila shamba angepanda viazi kwenye beseni la kuogea, angekatazwa, na baada ya hapo angenyauka. Nilimpigia simu saa hiyohiyo.

"Shosho, hiyo mbuzi iko na pembe?"

"Iko na mbili zimejisokota. Na haina adabu. Inakula minji ikiniangalia kwa macho."

Nikajua ni pongo. Pongo ni swala wa msituni, na msitu wa mlima hauko mbali na shamba la nyanya. Tena hubweka kweli, sauti nzito ya kukwaruza, kama mbwa mzee mwenye mafua. Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa nimehudhuria semina ya kupiga picha za wanyama pale Nchiru, ambako tulisikilizishwa sauti yake. Niliandika yote hayo kwenye kundi. Baba mdogo alijibu kwamba inaonekana hata mimi nimeanza.

Basi ikabaki picha. Picha moja safi ya pongo kabla ya Jumamosi, na nyanya angebaki kwake. Nilifunga studio, nikabandika karatasi mlangoni kwamba nimeenda kazini nje, nikapanda Kibirichia na kamera, sweta mbili na masharti ya semina kichwani. Masharti yenyewe yalikuwa magumu kuliko ya kanisa. Usimlishe mnyama. Usimwite. Usimkaribie. Na ukimkuta dume anamfuata jike, usikae kamwe katikati yao wala kati yao na njia ya kurudi msituni. Ukiona mnyama ameacha shughuli yake akakutazama wewe, jua umeshaiharibu kazi.

Nyanya alinipokea vizuri. Kwa sababu nimepewa jina la babu, kwa desturi yetu mimi ni mume wake, na ananiita hivyo mbele ya watu bila aibu. Alinilisha mukimo mpaka nikashindwa kuinama kufunga viatu. Nikamweleza masharti yote. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasema ameelewa, akaenda kulala.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia mlima, niliteremka taratibu hadi kwenye minji na kukuta karamu. Kando ya ua kulikuwa na sufuria ya maganda ya viazi, rundo la sukuma wiki iliyooshwa, na jiwe la chumvi ya ng'ombe juu ya gunia safi lililotandikwa vizuri.

"Shosho, hii ni nini?"

"Si umesema kuna mgeni?"

"Nimesema asilishwe!"

"Mzee wangu," aliniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mumewe mambo ambayo mama yake alipaswa kumfundisha, "kwa hii boma hakuna mtu amewahi kuja akaenda na njaa. Hata wale walikuja kusoma mita ya maji walikula. Wewe unataka niaibike mbele ya mbuzi?"

Tulibishana pale kwa kunong'ona, mimi nikibeba sufuria kurudi jikoni, yeye akinifuata na sukuma wiki. Kwa mbali kitu fulani kilibweka mara moja, kikanyamaza. Sikuona hata mkia.

Siku iliyofuata hakutandika chochote. Nilimsifu. Tulijificha nyuma ya banda la kuku, upepo ukitupiga usoni kama inavyotakiwa, na baada ya kungoja mpaka miguu ikafa ganzi, niliona vichaka vikitikisika. Nikainua kamera. Ndipo nyanya, ambaye hajawahi kuanza kazi yoyote bila kuiombea, akasimama, akafunga macho na kumshukuru Mungu kwa sauti ile anayotumia kanisani wakati umeme umepotea. Aliniombea mimi na macho yangu. Akaombea kamera. Akaombea wasafiri wote, wagonjwa wote na walimu. Alipofika kwa mbuzi na familia ya mbuzi, mbuzi alikuwa ameshavuka bonde.

"Amina," nilisema, kwa sababu ungesema nini?

Nilikuwa na hasira, sikatai. Nilimwambia kwamba pongo wako katika msimu wao wa kupandana, kwamba nimeona nyayo za wawili, na kwamba wakati huo hawafai kusumbuliwa hata kidogo. Nyanya alinitazama kwa mshtuko. Sasa nikaona ameelewa. Kumbe ameelewa kingine.

"Unataka kupiga picha wakichumbiana?"

"Si kuchumbiana hasa, shosho, ni..."

"Na ameshapeleka wazee kwao? Hajapeleka. Na wewe ndio umeenda kujificha na kamera kwa kuku." Akaifunga leso kiunoni. "Mimi nilikuwa nafikiri unataka picha ya kitambulisho."

Ijumaa niliamka kabla yake, nikatoka kwa kunyata nikiwa na soksi tu, mabuti mkononi. Na siku hiyo niliwaona. Jike alitangulia, mdogo, mwekundu kama udongo wa barabara ya zamani, akila majani ya minji kana kwamba hana habari na mtu. Nyuma yake alikuja dume, mwekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, pembe zimejisokota kama nyanya alivyosema, shingo ameinyoosha mbele na pua karibu iguse ardhi. Alipiga hatua, akasimama. Alipiga hatua, akasimama. Nimeona mabwana harusi wengi wakitembea hivyo nyuma ya gauni refu, wakiogopa kulikanyaga. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau baridi, na nilisahau hata baba mdogo.

Tatizo lilikuwa fito za minji. Kutoka pale nilipokuwa nimelala kifudifudi, fito zote za shamba zilisimama mbele ya uso wa dume. Ningesogea kushoto kidogo tu, kwenye uwazi wa ua, ningempata mzima, kuanzia pembe hadi kwato. Lakini uwazi ule ndio ulikuwa njia yao ya kurudi msituni. Ningeingia pale, ningekuwa nimewafungia mlango. Nilifikiria Embu. Nilifikiria vigae. Mguu wangu wa kushoto ulianza kwenda wenyewe, nikaurudisha. Jike aliinua kichwa, akala tena, wakapita polepole kandokando yangu na kuingia msituni, na mimi nikabonyeza pale nilipolala.

Nilipata picha moja tu. Ilionyesha fito, majani ya minji, na nyuma yake matako ya kahawia. Nimeiangalia mara nyingi tangu siku hiyo, na kusema ukweli, kama nisingekuwepo, mimi mwenyewe ningesema ni mbuzi.

Baba mdogo alifika Jumamosi mapema, amevaa suti na viatu vinavyong'aa, buti la gari likiwa tupu kwa ajili ya masanduku ya nyanya. Alikataa chai kwanza, jambo ambalo kwa boma lile ni sawa na kutangaza vita. Nilimpa kamera. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Hii ni mbuzi," alisema.

"Ni pongo. Angalia vizuri hapo nyuma ya fito."

"Ni mbuzi. Tena ya jirani." Akanirudishia kamera. "Mum, be serious. Twende huko shamba nikuonyeshe hakuna kitu. Halafu upange nguo."

Nilimwambia asiende. Nilimwambia huenda wako mle ndani wawili, kwamba ni msimu mbaya, na akisimama kwenye uwazi wa ua atakuwa amewafungia njia ya kurudi msituni. Alinijibu kwamba yeye hafundishwi kutembea na mpiga picha za paspoti kwenye shamba alilozaliwa. Akaenda. Akasimama palepale kwenye uwazi, akatugeukia, akatandaza mikono. "Mmeona? Wapi hiyo..."

Pongo alibweka. Alibweka karibu sana, ndani ya minji, nyuma kabisa ya mgongo wa suti. Sijawahi kumwona mtu wa ofisi akienda kwa kasi ile. Aliruka tuta la kwanza la viazi, akaruka la pili, la tatu likamshinda, akalala kifudifudi mferejini na kiatu kimoja kikabaki nyuma. Dume na jike wakatoka kwa utulivu kupitia uwazi aliouacha.

Kamera ilikuwa shingoni mwangu, na Mungu anajua mikono iliniwasha. Lakini mnyama aliyeshtuka huwa hapigwi picha, na niliona hata baba mdogo anastahili hilo. Nilienda nikamletea kiatu.

Nyanya hakucheka. Mimi nilicheka kwa niaba yetu sote. Nilijua tumeshinda: amesikia kwa masikio yake, mama yake yuko timamu, mambo yamekwisha. Baba mdogo aliinuka, akapangusa mdomo, na akasema akihema:

"Mum, umesikia hiyo kitu? Hapa kuna wanyama wa pori! Sasa ndio hauwezi kubaki. Tunaenda leo leo."

Nilikasirika. Ushahidi wote tuliokuwa tukiutafuta kwa baridi ile, ameugeuza ukawa sababu nyingine ya kumwondoa.

Nyanya alimshika mkono, akampeleka mpaka nje ya jikoni, akamkalisha kwenye kigoda. Alianza kumpangusa tope shingoni kwa ncha ya leso.

"Wewe nilikulea hapa," alisema. "Ndovu ilikuwa inakuja inavunja ua, inakula mahindi hapo kwa dirisha. Ukisikia inang'oa, unageuka tu unalala. Mbona hiyo wakati haukuogopa?"

Baba mdogo aliangalia kiatu chake.

"Hiyo wakati nilikuwa na wewe, mama."

"Na saa hii uko na nani?"

Nyanya alimmiminia chai, safari hii hakuikataa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akalia kidogo, mtu mzima yule, na mimi na nyanya tukaangalia upande wa mlima mpaka amalize. Alipoondoka alasiri na gari lake tupu, aliuliza kama anaweza kuja Jumamosi nyingine, na kama kile chumba chake cha utotoni, chenye lile dirisha la ndovu, bado kina kitanda.