Fundi Randa na Ngazi Thelathini na Mbili

Kwa kujisifu, Fundi Randa hakuwa na mpinzani. Kabati lake, kwa maelezo yake mwenyewe, ungeweza kulitupa kutoka ghorofani likafika chini milango bado imefungwa. Miaka thelathini na moja alipiga randa kwenye karakana isiyo na dirisha, na vumbi la mbao likamwachia ugonjwa sugu wa mapafu na pumzi inayokatika akifunga kamba za viatu tu.

Siku moja pumzi ilimwishia katikati ya ngazi za ghorofa anamoishi, akakaa chini kama mzigo huku majirani wakimruka. Tangu hapo, miezi mitano, hakushuka tena. Anashika kitasa cha mlango, moyo unamwenda mbio, anarudi kwenye kochi. Akiulizwa, anasingizia goti.

Binti yake akamwingiza kwenye kikundi cha simu: wagonjwa saba wa mapafu na muuguzi mmoja, kila Jumanne saa kumi, wanaonana kwenye kioo cha simu na kuzungumzia hofu.

"Hofu?" Fundi akacheka. "Mimi naogopa mchwa tu."

"Kawaambie hivyo hivyo, Baba."

Muuguzi akampa zoezi la wiki: ashuke ngazi nne, akipuliza pumzi taratibu kama anayepoza chai. Jumanne iliyofuata, kamera kaizima, Fundi akatangaza, "Nne za nini? Nimeshuka zote thelathini na mbili, nikapanda bila kusimama!"

Makofi yakapigwa. Yakamnogea. Wiki ya pili akapanda mara mbili. Wiki ya tatu akapanda na ndoo ya maji. Safari zote hizo alizifanya kochini, mto mgongoni.

Jumanne ya nne, Mama Mpishi hakuonekana. Mwenzao huyu alikuwa amepikia shule kwa kuni mpaka moshi ukamharibu kifua.

"Ameniruhusu niwaambie," alisema muuguzi. "Amelazwa. Alipanda ngazi za kwa mwanawe bila kusimama. Anasema, kama Fundi anaweza na ndoo, yeye mikono mitupu atashindwaje? Anaendelea vizuri."

Fundi akahisi kifua kimebana, na safari hii si mapafu. Akawasha kamera.

"Nimewadanganya. Sijashuka hata ngazi moja. Naogopa."

Mwenzao mwingine, dereva mstaafu, akauliza, "Hata ile ndoo?"

"Ndoo ni ya binti yangu."

Wiki iliyofuata Mama Mpishi akarudi, sauti imepungua, ulimi haujapungua.

"Fundi, wewe mwongo wa kutupwa."

"Nisamehe, mama."

"Msamaha wa mdomo sitaki. Fungua mlango tukuone."

Akafungua, simu mkononi. Ngazi ya kwanza, akapuliza. Ya pili, akapuliza. Ya tatu, pumzi ikakwama na macho yakamtoka.

"Kaa hapo hapo," Mama Mpishi akasema. "Poza chai. Mimi ningekaa, kama nisingekusikiliza wewe."

Akakaa. Jirani akapita na mfuko wa vitunguu, akamwamkia. Fundi akaitikia kwa pumzi ya vipande viwili, jirani akaendelea na safari yake. Hakuna aliyecheka.

Pumzi ikarudi.

"Niandike nne?" muuguzi akauliza.

Fundi akaitazama ngazi ya nne, hapo mbele ya kidole chake cha mguu.

"Andika tatu," akasema. "Na kwamba nilikaa."