Nywele za Coromoto

Hersilia alimwibia Benilde Mtoto wake akamuuza. Alimwiba mchana, kwa ruhusa ya mila, huku mwenye nyumba akiwa amemwachia mlango wazi. Hilo lisemwe kwanza, maana watu wa kijiji cha Mucubanda hupenda kuanzia katikati, pale Benilde alipoharibu sherehe ya watoto.

Mtoto huyo alikuwa Yesu wa mti, mdogo wa kubebeka kwa mkono mmoja, aliyechongwa na babu yake Benilde. Kichwani alikuwa na nywele za kweli, nazo zilikuwa za Coromoto, binti pekee wa Benilde, aliyechukuliwa na kifaduro akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Mama alizikata kabla jeneza halijafungwa, akazibandika kwa gundi. Picha hakuwahi kupigwa. Nguo alizikwa nazo. Zikabaki nywele.

Huku milimani, Krismasi ikipita, Mtoto hulala horini mpaka asimamishwe kwa nyimbo kabla ya sikukuu ya mishumaa, Februari inapoingia. Lakini kwanza jirani humwiba. Kisha majirani wote humtafuta nyumba kwa nyumba, watoto wakitangulia na mabawa yao ya karatasi, na kila mlango unaobishwa hutoa peremende.

Bibi yake Benilde alikuwa akisema mchezo huo ulianzishwa na mwanamke aliyefiwa. Mwanawe alikufa kwa baridi ya Januari, naye akaingia nyumba ya tajiri, akamtoa Mtoto horini akaondoka naye. Watu walimtafuta na mishumaa, wakamkuta jikoni kwake akimpasha joto kifuani. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumkaripia. Waliimba palepale, wakala viazi alivyokuwa navyo.

"Anayeiba hurudisha," bibi alimalizia. "Ndiyo maana si dhambi."

Benilde aliliamini neno hilo. Aliposikia Hersilia akinyata sebuleni, yeye alibaki jikoni akikoroga uji wa ngano, tena akakohoa makusudi ili nyayo zake zisisikike. Angemshuku vipi? Hersilia ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa Coromoto.

Siku ya kutafuta, watoto walimpata Mtoto kwa Hersilia, chini ya kapu la sufu. Wasimamizi wanne wa sherehe walishika ncha za kitambaa cha hariri alimolazwa, fidla ikalia, wakampeleka kwa Benilde, ambako keki zilikuwa tayari mezani. Benilde akapiga magoti ambusu kichwani kama kila mwaka. Midomo ikagusa plasta. Nywele zilikuwa rangi tu.

"Huyu si wangu," akasema.

"Mwoneni mwenzenu," Hersilia akacheka. "Kileo hakijamiminwa, yeye keshalewa."

Watu wakaangua kicheko. Benilde hakuinuka.

"Hersilia, Mtoto wangu yuko wapi?"

"Si ndiye huyo? Nimempeleka mjini katengenezwa. Yule alikuwa keshaliwa na mchwa, dada. Sema asante."

"Na nywele?"

"Nywele gani tena?"

"Wewe ndiye ulikishika kichwa kile akimwagiwa maji ya ubatizo. Usiniulize nywele gani."

Mkwe wa Hersilia, aliyekuwa ameanza kunywa tangu asubuhi, akadakia, "Mama mkwe, si ndizo yule mnunuzi wa vitu vya kale alizompendea? Alisema bila nywele asingemchukua."

Benilde akangoja. Alidhani sasa mtu atasema neno, hata mmoja. Na kweli mtu akasema, tena jirani wa ukuta kwa ukuta:

"Benilde, watoto wanangoja. Msimamishe huyu, hayo mengine mtazungumza kesho. Mtoto ni Mtoto."

"Kwa hiyo keki hatuli?" akauliza malaika mmoja, akaanza kulia.

Benilde aliigawa keki yote, kipande kwa kipande, bila wimbo. Kisha akamweka yule wa plasta mikononi mwa Hersilia, akawafungulia mlango watoke.

Alishuka mjini, akabisha kila duka lenye vitu vya kale dirishani. Akieleza habari za nywele, wenye duka walimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mmoja alimwambia mnunuzi kama huyo huenda keshavuka mpaka. Alirudi kwa lori, akiwa ameketi juu ya magunia ya karoti; alipofika nyumbani akanusa gundi katika kopo lake la zamani, kwa kuwa ndilo pekee lililobaki na harufu ya siku ile ya jeneza.

Sasa viazi vimepaliliwa na pango la Noeli bado liko sebuleni kwake, hori tupu. Wanasema analeta balaa kwa kutomsimamisha Mtoto. Watoto hupita dirishani wakamwuliza, "Mama Benilde, mwakani tutaiba nini kwako?" Hersilia humrudisha yule wa plasta kizingitini, Benilde humrudisha kwake.

Hersilia anadaiwa nywele zile, si kitu kingine. Na majirani, wanaojua kutafuta kwa mishumaa nyumba kwa nyumba kila Januari, wanadaiwa kumtafuta Mtoto huyu aliyeuzwa. Mpaka leo hakuna aliyewasha hata mshumaa mmoja.